Laini za shaba, E1 au SIP: ofisi ndogo ichague trunki ipi?

Taa nne nyekundu zilikuwa zinawaka kwenye simu ya mapokezi na hakuna aliyekuwa akiongea. "Fundi, tangu saa tatu laini zote zinaonyesha zina mtu, na sisi tumekaa tu," dada wa mapokezi akaniambia. Nikaibana simu yangu ya kupimia kwenye jozi ya kwanza pale kwenye bodi ya waya. Nilichosikia ni mlio wa bize, tii-tii-tii, unaozunguka peke yake. Waliokuwa wakiongea walishakata zamani. Mtambo wa ofisi ndio haukuwa na habari.

Chanzo kilikuwa chepesi. Bosi alikuwa ameelekeza simu zake kwenye simu ya mkononi. Mteja anapopiga anaingilia laini ya kwanza, na mtambo unatokea laini ya pili kumtafuta bosi. Simu moja imekwisha kula laini mbili. Wote wawili wanapokata, laini ya analogi, yaani ile ya kizamani ya nyaya za shaba, haiupi mtambo taarifa inayoeleweka, basi mtambo unaendelea kushikilia pande zote mbili kama mtu aliyeshika kamba isiyo na ng'ombe. Simu mbili za namna hiyo, ofisi nzima imefungwa.

Siku hiyo ndipo ofisi ile ilipoanza kuuliza habari ya "kwenda dijitali". Ni swali ninaloulizwa kila mara, na kila mara inabidi nirudishe swali: dijitali ipi? Maana neno hilo linabeba vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Kuna trunki ya E1, inayokuja kwa waya au faiba ya kampuni ya simu na kufikia kwenye kisanduku chao ukutani. Na kuna trunki ya SIP, inayopita ndani ya intaneti. Ukizichanganya hizi mbili utanunua usichokihitaji.

Kabla sijaziweka kando kwa kando, tukubaliane maneno. Mtambo ni lile sanduku la ofisini linalogawa simu. Ekstensheni ni simu za mezani zilizounganishwa nalo. Trunki ni njia zinazotoka kwenye mtambo kwenda kwa kampuni ya simu. Ofisi inaweza kuwa na ekstensheni 25 na trunki nne, na ikaishi vizuri tu. Au ikateseka. Inategemea hesabu ifuatayo.

Hesabu wanaoongea, usihesabu simu za mezani

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni mtu kuagiza trunki kwa kuangalia idadi ya wafanyakazi. Kinachotakiwa ni idadi ya mazungumzo na nje yanayokwenda kwa wakati mmoja, saa ile ambayo ofisi imeshika moto. Mitambo mingi hutunza kumbukumbu za simu, ambazo unaweza kuzitoa kwenye kompyuta. Kama wako hauna, mpe mtu wa mapokezi karatasi kwa wiki moja, aweke alama kila robo saa ya taa ngapi zinawaka.

Chukua mfano. Saa ya shughuli nyingi zinapita simu 60, kila moja dakika tatu. Hizo ni dakika 180 ndani ya saa ya dakika 60, yaani kwa wastani mazungumzo matatu yanakwenda muda wote. Wahandisi wa simu huita kiasi hicho erlang 3, kwa jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na mwaka 1917 akatoa fomula inayotumika hadi leo.

Mtu akisikia wastani ni tatu, anasema laini nne zinatosha na moja ya akiba. Fomula inakataa. Kwa erlang 3 na laini nne, karibu mpigaji mmoja kati ya watano atakuta bize. Kwa laini sita, mmoja kati ya 20. Ukifika nane ndipo anayekosa anashuka chini ya mmoja kati ya mia. Watu hawapigi kwa zamu, wanapiga kwa makundi. Wale wanaokuta bize hawaonekani kwenye kumbukumbu zako, ndiyo maana bosi anaweza kuapa kwamba simu hazina shida.

Namba hiyo, iwe nne au nane au 20, ishike mkononi. Ndiyo itakayoamua zaidi kuliko maneno ya muuzaji.

Laini za analogi: zee lakini mkweli

Laini ya analogi ni nyaya mbili za shaba zinazobeba mazungumzo mamoja. Umeme wake, volti 48 hivi, unatoka kwa kampuni ya simu. Simu ya kawaida ukiichomeka moja kwa moja, itafanya kazi hata umeme wa jengo ukikatika. Mtambo wenyewe utazima, ila mingi imetengenezwa ili umeme ukikatika laini ya kwanza iungane yenyewe na ekstensheni moja iliyoteuliwa. Ni jambo la kuuliza: ekstensheni gani? Nimeona ofisi ambazo ekstensheni hiyo iko stoo, imefunikwa na makatoni.

Uzuri wake mwingine ni kwamba ugomvi huisha haraka. Laini ikikwaruza, unaitoa kwenye mtambo, unachomeka simu ya kawaida pale inapoingilia jengoni. Ikikwaruza bado, tatizo ni la kampuni ya simu. Ikinyamaza, tatizo ni lako. Dakika mbili tu, na hakuna wa kubishana naye.

Ubaya wake nimeshauonyesha mmoja: kutojua aliyekata. Wa pili ni kugongana. Unabonyeza 9 upate laini ya nje, na sekunde hiyo hiyo mteja anaingilia laini ileile kabla haijalia. Badala ya mlio wa kupigia unasikia "Haloo? Haloo?" na nyote wawili mnashangaa. Wa tatu, namba ya anayepiga hufika ikifuatana na milio ya kwanza, kwa hiyo mtambo unaotaka kuionyesha lazima ungoje kidogo kabla ya kupeleka simu. Wa nne, kila anayepiga huishia mapokezi au kwa mashine ya sauti, kwa kuwa laini haisemi mpigaji amemtaka nani. Unyevu ukiingia kwenye kebo, msimu wote wa mvua ni mngurumo.

Na kuna jambo la umri. Kampuni za simu duniani zinaachana na shaba. Ufaransa iliacha kuuza laini mpya za aina hii mwaka 2018, na Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani Januari 2027. Hata pale ambapo hakuna tarehe iliyotangazwa, ona jinsi fundi wa kampuni anavyochelewa kuja ukiripoti jozi mbovu. Hilo lenyewe ni tangazo.

E1: trunki ya dijitali ya kweli, kwa wenye watu wengi

Sauti kwenye mtandao wa dijitali hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti nane. Hizo ni biti 64,000 kwa sekunde kwa mtu mmoja. E1 ni nafasi 32 za namna hiyo zilizofungwa kwenye waya mmoja, jumla megabiti 2.048. Nafasi moja ni ya kuweka mapigo sawa, moja ni ya mawasiliano kati ya mtambo na kampuni ya simu, na 30 zinazobaki ni za mazungumzo. Marekani na Kanada wana ndugu yake mdogo, T1, mwenye nafasi 24, ambazo kwa kawaida 23 ndizo za kuongelea.

Ile nafasi ya mawasiliano ndiyo inayoleta tofauti yote. Mtu akikata, unakuja ujumbe unaosema "chaneli (yaani nafasi) ya saba imekatwa", na mtambo unaiachia papo hapo. Hakuna kubahatisha mlio. Simu inapoingia, ujumbe unasema anayepiga ni nani na amepiga namba ipi, hivyo unaweza kuwa na namba 50 za moja kwa moja kwa wafanyakazi ukitumia chaneli kumi tu. Mngurumo hakuna. Kugongana ni nadra.

Tatizo la E1 kwa ofisi ndogo ni saizi. Unahitaji nane, unauziwa 30. Kampuni nyingi hukubali kuifungua nusu, 10 au 15, ila kadi ya kuichomeka kwenye mtambo ni ileile na waya ni ule ule. Kulikuwa na saizi ndogo, ISDN ya chaneli mbili mbili, iliyopendwa sana Ulaya. Pale ilipokuwepo inaondolewa pamoja na shaba, kwa hiyo sitaipotezea muda.

Jambo moja kuhusu E1 nalisema kwa sababu limenilaza macho. Mtambo lazima ufuate mapigo ya saa ya kampuni ya simu, usitumie saa yake. Ukiachwa utumie yake, kila kitu kitaonekana kizima: taa ya kijani, simu zinapita, sauti nzuri. Ila kila baada ya muda utasikia "tk" ndogo ambayo hakuna anayeijali, na faksi zitakatika katikati ya ukurasa wa pili. Nilibadilisha mashine mbili za faksi mahali fulani kabla sijafungua ukurasa wa mipangilio ya saa. Ilikuwa imeandikwa "ya ndani". Nikabadilisha neno hilo moja, nikaenda zangu.

Ubaya wa mwisho: waya mmoja, mazungumzo yote. Katapila likichimba barabara na kuugusa, ofisi haina hata laini moja. Kwenye analogi ungeweza kubaki na mbili.

SIP: sauti ileile, njia tofauti

Watu huniuliza kama SIP ina sauti mbaya kuliko E1. Kwa kodeki ya kawaida (kodeki ni njia ya kugeuza sauti kuwa biti), G.711, sauti ni zile zile biti 64,000. Kinachobadilika ni usafiri. Badala ya kuwa na nafasi yake ya kudumu, sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, kila kipande kinatiwa kwenye bahasha yenye anwani na kutumwa, vipande 50 kila sekunde. Bahasha nayo ina uzito, kwa hiyo mazungumzo mamoja yanakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenye waya wa mtandao, kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kuna kodeki ya kubana, G.729, ambayo sauti yake ni kilobiti nane tu, lakini hapo bahasha ni nzito mara mbili ya barua na zaidi, ndiyo maana akiba unayopata ni ndogo kuliko unavyodhani.

Piga hesabu: mazungumzo manane kwa G.711 ni kilobiti 700 hivi kila upande. Karibu intaneti yoyote ya ofisi siku hizi ina zaidi ya hapo. Kwa nini basi sauti zinakatika?

Foleni. Sauti haihitaji njia pana, inahitaji njia isiyo na foleni. Mtu wa uhasibu anapopandisha faili kubwa, vipande vya sauti vinasimama nyuma yake kwenye ruta, vikisubiri. Wewe unamsikia mteja vizuri, kwa kuwa upande wa kushuka uko wazi, ila yeye anakusikia "ha... o... ni... sub..." ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja; ikizidi sana hapo watu huanza kuingiliana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Kipimo changu hakihitaji mashine ya gharama. Nafungua kompyuta, naanza kupima kwa ping muda ambao kipande kinachukua kwenda kwa mtoa huduma na kurudi, halafu nampa mwenzangu apandishe video kubwa. Muda ukitoka milisekunde 20 ukapanda hadi 30, tuko salama. Ukirukia 400, najua kwamba bila kupanga vipaumbele kwenye ruta, au kuweka laini ya intaneti ya simu peke yake, tutajuta. Fanya kipimo hiki siku ya kazi, saa nne asubuhi. Jumapili kila intaneti ni nzuri.

SIP ina magonjwa yake, na ukiyajua kwa dalili unaokoa siku nzima. Simu inakatika kila mara ikifika sekunde 32: mtambo wako umejibu simu lakini uthibitisho wa mwisho kutoka upande wa pili haukufika; itifaki, yaani kanuni za mawasiliano za SIP, inarudia jibu kwa sekunde hizo 32 kisha inakata tamaa. Simu inakatika kwenye dakika ya 15 au ya 30 kamili: pande mbili hazielewani juu ya kuhuisha mazungumzo, yaani kuambiana kila baada ya muda kwamba simu bado inaendelea. Unamsikia mtu naye hakusikii kabisa, tangu mwanzo: ruta inabadilisha anwani vibaya. Ya mwisho hiyo, nenda kwenye mipangilio ya ruta utafute maneno SIP ALG, uzime. Ni kitu kilichowekwa ili kusaidia, na mara nyingi ndicho kinachoharibu.

Faida zake? Unanunua chaneli moja moja. Leo nane, mwezi ujao tisa, bila fundi kuja kuchomeka chochote. Ukihama jengo namba zinahama nawe. Intaneti ikikatika, mtoa huduma anaweza kupeleka simu zako kwenye namba nyingine bila kupita ofisini, na kwa hiyo bosi aliyeelekeza simu zake hatumii tena laini mbili kama mambo yakipangwa upande wa mtoa huduma.

Ila lile jibu la dakika mbili, la nani mwenye kosa, limepotea. Kwenye shaba na E1 mpaka ni kisanduku ukutani. Kwenye SIP, mwenye simu atasema ni intaneti, mwenye intaneti atasema ping ni nzuri, na wewe umesimama katikati kama mtoto wa wazazi waliogombana. Hii ndiyo sababu ninawashauri ofisi ndogo, inapowezekana, wachukue trunki na njia yake kutoka kwa kampuni moja, hata kama kuna nyingine yenye bei nafuu kidogo kwa dakika. Unalipia mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika.

Kando kwa kando

| | Analogi | E1 | SIP |
|---|---|---|---|
| Inaongezeka kwa | laini moja moja | mafungu, hadi 30 | chaneli moja moja |
| Kujua aliyekata | mara nyingine haijui | papo hapo | papo hapo |
| Namba za moja kwa moja | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Umeme ukikatika | laini moja hubaki | mtambo na kisanduku vihitaji betri | mtambo, ruta, swichi, vyote vihitaji betri |
| Adui mkubwa | unyevu | katapila | foleni na wadukuzi |
| Kumjua mwenye kosa | rahisi sana | rahisi | vigumu |

Ukinibana nichague: mazungumzo yakiwa chini ya kumi na intaneti ikipita kile kipimo, SIP. Yakiwa 15 na kuendelea, mtambo tayari una tundu la E1, na kampuni inaileta kwa faiba, E1 bado ni kitu cha heshima. Sikuoni mjinga ukiichukua, mradi usisaini mkataba wa miaka mitano kwa teknolojia inayoelekea mlangoni. Kati ya kumi na 15, amua kwa kuangalia intaneti. Laini za analogi ningebaki nazo pale tu ambapo intaneti ni ya kubahatisha na ofisi inahitaji laini mbili tatu.

Mtambo ulionao usitupwe haraka

Muuzaji atakuambia mtambo wa zamani haukubali SIP. Huenda ni kweli. Lakini kuna vigeuzi: kisanduku ambacho upande mmoja kinaongea SIP na upande wa pili kinajifanya laini za analogi, au E1, na mtambo hautambui tofauti. Simu za mezani zinabaki, nyaya zinabaki, wafanyakazi hawafundishwi upya. Kama mtambo una tundu la E1, kigeuzi cha E1 ndicho bora, kwa kuwa zile taarifa za kukata na namba zinapita zikiwa kamili.

Ukitumia kigeuzi cha matundu ya analogi, ujue umerudisha ugonjwa wa zile taa nne kwa mlango wa nyuma. Mteja anakata, kigeuzi kinajua, mtambo haujui. Vigeuzi vizuri vina mpangilio wa kukatiza umeme wa laini kwa muda mfupi simu inapokatwa, na mtambo nao una mpangilio wa kutambua mkatizo huo. Viwashe vyote viwili. Kimoja peke yake hakisaidii.

Vitu vinavyosahaulika

Faksi kwanza, maana bado zipo kwenye ofisi za sheria na za afya. Faksi haivumilii kipande kilichopotea wala kodeki ya kubana. Muulize mtoa huduma kama anakubali T.38, itifaki iliyotungwa kwa ajili ya faksi kupita kwenye intaneti, kisha jaribu kurasa kumi, usijaribu moja.

Kisha tafuta laini ambazo hakuna anayezikumbuka: kengele ya wezi, kengele ya moto, simu ya ndani ya lifti, mashine ya zamani ya kadi. Mara nyingi zimeunganishwa juu ya laini ya pili au ya tatu, kimya kimya, na fundi aliyeziweka hayupo tena. Fuata kila waya kwa mkono hadi mwisho wake. Kwa lifti na kengele ya moto, acha laini ya shaba moja, au uweke kifaa cha mtandao wa simu za mkononi chenye betri yake.

Na simu za dharura. Laini ya shaba inajulikana iko jengo gani. Trunki ya SIP inajulikana kwa anwani uliyoandika kwenye fomu siku ya kujiunga. Ukihama jengo usipoibadilisha, zimamoto wataenda kwenye jengo la zamani.

Wadukuzi nimewaacha mwisho wa orodha, si kwa udogo wao. Mtambo wenye SIP ukiwekwa wazi kwenye intaneti, kwenye mlango namba 5060 ambao SIP huutumia, huchukua muda mfupi sana kabla programu za kupapasa hazijaanza kujaribu nywila. Wakiingia, wanapiga namba za nje ya nchi zenye malipo makubwa, usiku wa Ijumaa, na wewe unagundua Jumatatu. Ruhusu anwani ya mtoa huduma peke yake kufika kwenye mlango huo. Funga simu za kimataifa kama huzitumii. Omba mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi kwa siku, na usikubali "tutaangalia"; upate kwa maandishi. Ekstensheni 100 yenye nywila 100 ni mwaliko.

Siku ya kuhama

Usikatishe huduma ya zamani kwa mkono wako. Laini ikishafungwa, namba inaweza kurudi kwa kampuni na usiipate tena. Utaratibu ni kuomba namba ihamishwe, na uhamisho wenyewe ndio unaofunga laini. Anza na chaneli mpya kwa namba ya muda, wiki mbili, kwa simu za kutoka pekee. Wafanyakazi watalalamika wenyewe kama kuna la kulalamikia. Sauti ikiwa safi, omba tarehe ya kuhamisha namba kuu, na isiwe Ijumaa.

Ofisi ile ya taa nne walifanya hivyo. Hesabu yao ilitoa karibu erlang 3, wakachukua chaneli nane za SIP kupitia kigeuzi cha analogi, kwa kuwa mtambo wao ulikuwa na matundu manane ya laini na manne yalikuwa matupu. Laini moja ya shaba ilibaki kwa ajili ya lifti, haigusi tena mtambo. Nimeibandika karatasi yenye maandishi "LIFTI – USIKATE".

Namba ilihamia asubuhi ya Jumatano. Nilimpigia bosi kwa simu yangu kupitia namba ya ofisi, ikaelekezwa kwake, taa mbili zikawaka mapokezi. Tukaongea mambo yasiyo na maana kama dakika moja, kisha nikakata. Dada wa mapokezi alikuwa ameikodolea macho simu yake, kidole juu ya meza.

Taa ya kwanza ikazimika. Ya pili ikabaki.

"Fundi."

Nikarudi kwenye kigeuzi. Tundu la pili, mpangilio wa kukatiza umeme ulikuwa haujawashwa. Nikauwasha, tukapiga tena.